Chungu, Chupa, Pipa

Nairobi tukitaka kulewa tunasema twende tukapige mtungi. Nimelitumia neno hilo miaka mingi bila kulisikia. Mtungi ni chombo cha udongo, na sidhani kuna msee wa rika langu pale Tom Mboya Street aliyewahi kunywa pombe kutoka kwa udongo. Tunakunywa kwa chupa, kwa kopo, na tukisota, kwa kikombe cha plastiki cha keg. Jina ndilo limebaki kwenye mtungi.

Nilianza kuliwaza ndani ya baa moja Westlands, zile zinazopika bia yao wenyewe, matangi ya chuma yakimeta nyuma ya kioo. Mimi singeweza kujilipia huko. Nilikuwa nimealikwa na jamaa aliyesoma sayansi ya vyakula na, tofauti na mimi, akamaliza. Mhudumu akatueleza kuhusu bia yao mpya: imepikwa kwa mtama, haijachujwa sana, ina uchachu kidogo, hamtaipata kwingine. Glasi moja ilikuwa mia tano hamsini. Nikaonja. Nikajikuta nyuma ya jikoni ya dani, Ndhiwa, nina miaka saba, nimeiba funda moja la otia na ninasikia miguu yake ikija.

Nikacheka hadi mwenzangu akaudhika kidogo. "Nini?"

"Hii kitu," nikamwambia, "ilimsomesha buda yangu."

Wacha nieleze otia inavyopikwa, maana watu wengi wa umri wetu wanadhani pombe ya kienyeji ni kitu kimoja tu, kile cheupe kinachopofusha macho. Otia ni bia. Unaanza na thowi, yaani kimea. Unaloweka mtama au wimbi usiku kucha, unafunika kwa gunia bichi, na baada ya siku tatu hivi mbegu zimetoa vimizizi vyeupe. Unaanika juani, unasaga. Mbegu ikichipua hutengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na hicho ndicho kitu hichohicho ambacho Mjerumani anakifanya kwa shayiri. Kando, unakanda unga na maji kidogo, unaufunika siku kadhaa mpaka uchachuke. Halafu unaukaanga juu ya bati hadi uwe chembechembe za kahawia. Hapo mtaa mzima unajua nani anapika, kwa sababu harufu yake ni kama mkate unaoanza kuungua. Ule unga uliokaangwa unaingia kwenye chungu na maji, unaongeza thowi, unasubiri siku moja au mbili, unachuja.

Hamira inatoka wapi? Hakuna pakiti. Imo kwenye thowi na kwenye kuta za chungu chenyewe. Ndiyo maana dani hakukubali chungu chake cha kong'o kioshwe kwa sabuni. Mama yangu, aliyekuja kama bibi arusi kutoka mjini, alikiosha siku ya kwanza kuonyesha bidii. Anasema hajawahi kusahau jinsi alivyotazamwa.

Zamani kinywaji hiki hakikumiminwa kwenye kitu. Chungu kiliwekwa katikati, ndani ya duol ya mwenye boma, na wazee wakakizunguka, kila mmoja na oseke yake, mrija mrefu wenye kichujio kidogo mwishoni. Maji ya moto yaliongezwa mara kwa mara. Wakuria wa upande wa Migori nao wana amarwa yao, na mirija vilevile. Mirija ya bia ni ya kale sana duniani: mihuri ya Mesopotamia yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000 inaonyesha watu wameketi kuzunguka mtungi, kila mtu na mrija wake. Nilipoona picha hiyo mara ya kwanza, chuoni, kabla sijaacha, nilifikiri mtu amechora wazee wa kwetu akawavalisha sketi.

Kwa hiyo chombo cha kwanza kilikuwa kimoja kwa watu wengi. Huwezi kunywa peke yako kwa oseke ya futi sita. Huwezi pia kuondoka nayo ukaiuze Kisumu.

Mabadiliko ya kwanza yalikuja na watu wasiokunywa kabisa. Novemba 1906, Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, wakaanzisha misheni ya Waadventista wa Sabato. Kufikia 1913 walikuwa na mashine ya kuchapisha. Injili yao ilihusu mwili pia: pombe hapana, tumbaku hapana. Ukitaka kuelewa Homa Bay ya leo, anza hapo Gendia. Kuna maboma huko ambapo familia imegawanyika vipande viwili tangu wakati wa babu wa babu, upande mmoja ukiimba Jumamosi na upande mwingine ukikaanga unga.

Cha pili ni mahindi. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza kuanzia 1907, alisukuma mbegu mpya kwa nguvu, na kodi ya nyumba ikawasukuma watu zaidi yake. Mahindi yalikuwa na faida moja ambayo mtu wa mjini hawezi kuiwaza: ndege hawayasumbui sana. Yamevaa maganda. Mtama uko wazi, unahitaji mtoto asimame shambani kutoka alfajiri akirusha mawe, na mtoto huyo sasa alikuwa darasani akifundishwa alfabeti. Basi wanawake wakaanza kutumia unga wa mahindi ndani ya otia na kubakiza mtama au wimbi kwa thowi peke yake, kwa kuwa kimea cha mahindi ni dhaifu. Nasisitiza hili kwa sababu tunapenda kusema "pombe ya asili" kana kwamba ilidondoka kutoka mbinguni ikiwa tayari. Bibi zetu walibadilisha viungo kila walipolazimika, na hakuna aliyewaita wabunifu.

Sheria nazo zikafuata. Native Authority Ordinance ya 1912 iliwapa machifu mamlaka ya kudhibiti upikaji wa pombe katika maeneo yao, na mamlaka hayo yaliendelea kuishi ndani ya sheria ya machifu hata baada ya uhuru. Nairobi, baraza la mji lilijenga kilabu chake Pumwani likawa linawauzia Waafrika pombe ya kienyeji lenyewe, huku likimkamata mama aliyeuza ileile nyumbani kwake.

Wakati huohuo, Ruaraka, ndugu wawili wa Kiingereza, George na Charles Hurst, walikuwa wanafungua kiwanda. Kreti kumi za kwanza zilifika Stanley Hotel Desemba 1922. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na ndiyo maana chupa yako ya Tusker ina ndovu. Hadithi hiyo kila mtu anaijua. Ile ambayo haiko kwenye matangazo ni kwamba Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kunywa bia ya chupa mpaka 1947. Robo karne nzima. Kwanza wapelekwe Burma, warudi, ndipo waaminiwe na chupa.

Baba yake dani alikuwa mmoja wa waliorudi. Dani anasema chupa yake ya kwanza halali aliinywea dukani kwa Mhindi, akaileta nyumbani tupu, ikakaa juu ya kabati miaka mingi. Wageni walikuwa wakiishika. Pale boma chungu kilikuwa kikubwa, kimejaa, na hakuna aliyekitazama.

Hapa naruka miaka kadhaa ya busaa na vilabu vyenye leseni, ambavyo serikali ya Moi ilivifunga mwishoni mwa miaka ya 1970, ili nifike kwenye chang'aa.

Ustadi wa kukeneka kwa kawaida unahusishwa na askari Wanubi wa Kibera, ndiyo maana wazee bado wanaita Nubian gin. Kwetu, kilichoupa nguvu ni miwa. Kiwanda cha SONY pale Awendo kilianza kusaga mwishoni mwa miaka ya 1970, na nchi yote kutoka Rongo hadi Ndhiwa ikageuka kijani. Muwa usiochukuliwa na kiwanda kwa wakati ulipata njia nyingine: sukari nguru. Waya wangu, dada yake buda, ameolewa Awendo, na utotoni niliamini kila boma la Migori lina harufu ya sukari iliyochemshwa. Yeyusha sukari nguru kwa maji, ongeza kimea kidogo, iache ichachuke iwe kangara, ichemshe kwenye pipa lililofunikwa na karai la maji baridi. Hukaangi unga, huchuji. Na inachotoa hakiozi. Otia isipoisha kesho kutwa ni siki. Chang'aa inaweza kukaa chini ya kitanda ikisubiri ada ya muhula.

Ndicho alichokifanya dani. Buda alikuwa sekondari miaka ya 1980, na sheria ya kupiga marufuku chang'aa ilikuwa imepitishwa 1980. Fikiria hesabu hiyo. Kila muhula aliolipia, alilipia kwa kosa la jinai. Alishikwa mara tatu. Mara ya pili walimwaga kila kitu halafu askari mmoja akavunja chungu kikubwa, kile cha mama mkwe wake, ambacho hakikuwa hata na chang'aa, kilikuwa na otia ya matanga ya jirani. Nilimuuliza dani kama alilia.

"Nilie kwa nini? Nilikuwa nahesabu," akasema. "Chungu kama kile kilikuwa mbuzi mmoja."

Sitaki kumpamba. Chang'aa imeharibu watu, na wengine ni ndugu zangu. Ila tuseme ukweli kuhusu kinachoua kwa wingi. Mukuru, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa, na chanzo kilikuwa methanoli, kemikali ya viwandani iliyotiwa ndani ya kinywaji. Nafaka iliyochachushwa haiwezi kutoa methanoli ya kiasi hicho. Mtu aliinunua, akaimimina, akahesabu faida. Lakini msako ukija, hauulizi nani ametia nini. Unatafuta pipa na karai.

Mwaka 2010 ikaja sheria tunayoiita ya Mututho, kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo. Watu wanaikumbuka kwa masaa: baa zisifungue kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi. Wachache wanakumbuka kwamba sheria hiyohiyo ilifuta marufuku ya 1980 na kuhalalisha chang'aa. Ndiyo, ilihalalishwa. Masharti: leseni, viwango, lebo ya onyo, na chupa iliyofungwa. Vifuko vya plastiki marufuku. Nasoma masharti hayo nikimwona dani ameketi kwenye kiti chake cha kamba, akiwaza atapata wapi mashine ya kufunga vifuniko. Kioevu kikawa halali, mpishi akabaki mhalifu palepale alipokuwa.

Na bado hatujafika kwenye pipa.

Mwaka 2004 kampuni ya bia ilikuwa imezindua Senator. Serikali ilikubali kuiondolea ushuru ili mnywaji wa chang'aa apate kitu salama kwa bei anayoiweza, nayo kampuni ikaachana na gharama za chupa: pipa la chuma, pampu, kikombe. Kwa kuwa mwaka huo kulikuwa na seneta mmoja Marekani mwenye jina la kwetu, watu wakaiita Obama. (Kendu Bay watakukumbusha kwamba ukoo wa Obama una mizizi Kanyadhiang, si Kogelo peke yake. Usibishane nao.) Baadaye ikapikwa kwa mtama, na wakulima wa Homa Bay na Migori wakaambiwa wapande aina moja, Gadam: mfupi, mweupe, unakomaa kwa miezi mitatu hivi, hauna ule ukakasi wa mtama mwekundu.

Ule ukakasi ulikuwa na kazi, lakini. Ndege hawaupendi. Gadam wanaipenda mno. Amin wangu ana ekari mbili Nyatike, na msimu wa kwanza aliwalipa vijana wa bodaboda wamfukuzie ndege, kwa sababu watoto wako shule. Karne nzima imepita tangu Ainsworth, na tatizo ni lilelile, ila sasa mtoto analipwa.

Kisha 2013 serikali ikarudisha ushuru kwa Senator. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, oda za mtama zikakatika. Amin alibaki na magunia sebuleni. Tulikuwa tunakaa juu yake tukitazama taarifa ya habari. Miaka miwili baadaye sehemu kubwa ya ushuru ikaondolewa tena, na 2019 kiwanda cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa miaka mingi, kikafunguliwa upya kwa uwekezaji wa shilingi bilioni 15. Mtama ukaanza tena kupanda lori. Unatoka Nyatike, unaenda Kisumu, unarudi Nyatike ndani ya pipa, na amin anaununua kwa kikombe.

Nafuu hiyo ya ushuru imefungwa kwa mambo mawili: nafaka na pipa. Mtama uleule ukitiwa kwenye chupa unalipiwa ushuru kama bia nyingine. Ukiwa ndani ya chungu cha dani ni kesi. Nimesoma historia hii nikitafuta siku ambayo mtu wa serikali aliuliza kinywaji chenyewe kikoje, kina nguvu kiasi gani, ni kisafi, kinakaa siku ngapi. Nakuta maswali kuhusu chombo, na kuhusu aliyekishika.

Turudi kwa jamaa yangu wa Westlands. Baada ya kicheko changu aliniuliza maswali hadi baa ikafungwa. Anataka kufungua kiwanda kidogo. Aliniomba nimletee otia ya kweli aipime. Nikaenda Ndhiwa, nikapikiwa na jirani wa dani (nitaeleza kwa nini si dani), nikaijaza kwenye chupa ya soda ya lita mbili, nikakaza kifuniko, nikapanda basi la usiku. Mahali fulani kabla ya Narok chupa ilipasuka. Mlio ulikuwa kama tairi. Kondakta alinishusha na kufuta kiti kwa koti langu.

Kosa lilikuwa langu. Bia ya Ruaraka huchujwa na kupashwa moto ili hamira ife. Ndiyo inakaa chupani miezi. Otia iko hai, inaendelea kutoa gesi, na chupa iliyokazwa ni bomu. Wenzetu walishalifanyia kazi jambo hili. Chibuku, iliyoanzia Kitwe, Zambia, katika miaka ya 1950, ilikuja kuuzwa kwenye pakiti ya karatasi ngumu inayoruhusu gesi itoke. Unaitikisa, unakunywa, na una siku chache tu. Dar es Salaam ilipikwa na Darbrew, na mtu aliinunua dukani bila kutazama nyuma. Mwaka 2012 Zimbabwe wakatoa Chibuku Super, iliyopashwa moto na kutiwa gesi kwenye chupa ya plastiki, ikakaa wiki badala ya siku. Jamaa yangu ana nia ya njia ya tatu: apoze otia mara tu inapofika uchachu unaotakiwa, aiweke kwenye pipa dogo, isikae nje ya baridi hata saa moja. Leseni, anasema, ndiyo itamzeesha.

Tatizo lake jingine ni thowi. Alinunua kimea kwa duka la vifaa, akapata kinywaji kilichokuwa sawa kwa kila kipimo na hakikuwa na ladha. Akaniomba mwalimu. Nikampigia dani.

Dani hapiki tena. Alibatizwa Msabato 2009, mume akiwa ameshazikwa na watoto wote wamemaliza shule, na chungu chake cha mwisho sasa kinahifadhi maharagwe. Nilimweleza polepole: kuna kijana Nairobi, ana matangi ya chuma, anataka kujifunza. Nilitegemea anikemee.

"Anauza bei gani?" akauliza.

"Ile niliyoonja ilikuwa mia tano hamsini, dani. Glasi moja."

Kimya. Nilidhani simu imekatika.

"Nyakwara, glasi kubwa namna gani?"

Nikamwelezea. Akasema yeye hatagusa pombe na hataingia jengo lenye pombe. Ila thowi ni chakula, wanawake wa kanisa wananunua kwake ya uji, na mtu akinunua thowi yeye haendi kumchungulia anachemsha nini. Atafundisha kwa simu, siku yoyote isipokuwa Jumamosi, na huyo kijana alipe kwanza. Akataja bei ya kilo. Ilikuwa mara nne ya ile ya uji. Nikamtumia jamaa ujumbe, akakubali bila kubishana, nikampelekea dani pesa kwa M-Pesa.

Baada ya dakika mbili akanipigia tena. Nilikuwa nimesahau ya kutolea.